Mashahidi Wawili Ndani ya Helikopta

Leo naomba mnivumilie kidogo, maana nitazungumzia helikopta, na tena helikopta zisizokuwepo. Wale mliozoea kusoma hapa mambo ya hifadhidata na lugha za programu msikimbie. Tutafika huko, ila tutapitia njia ya angani.

Jioni nikishachoka kuandika programu huwa nawasha simuleta ya urubani kwenye kompyuta yangu na kurusha helikopta ya Kirusi iitwayo Ka-50. Simuleta yenyewe ilitoka mwaka 2008 kwa jina DCS: Black Shark, na mpaka leo bado inaendelezwa. Si mchezo wa kubonyeza kitufe kimoja ukapaa. Swichi ni nyingi mno, na kitabu cha maelekezo kina mamia ya kurasa.

Usiku mmoja nilikuwa kwenye milima ya Caucasus, kiza totoro, nikitegemea vifaa viwili kunionyesha njia. Cha kwanza ni skrini ya ramani iitwayo ABRIS. Cha pili ni paneli ndogo yenye vitufe vya namba, PVI-800. Vyote viwili vilikuwa na vituo vilevile vya safari yangu. Baada ya kuruka kwa muda mrefu nikaona jambo la ajabu: vifaa havikubaliani. ABRIS yasema kituo kiko hapa, PVI yasema kiko pale, tofauti ya mita mia kadhaa. Na kwenye bonde jembamba la milimani, mita mia kadhaa ni tofauti kati ya hewa na mwamba.

Kama mwanaprogramu yeyote, wazo langu la kwanza lilikuwa: huyu ni mdudu. Mtu amesahau kuunganisha vitu viwili. Nikafungua kitabu ili nihakikishe kwamba mimi ndiye mwerevu na walioandika programu ndio wamelala. Wapi! Aliyekuwa amelala ni mimi. Vifaa hivyo havijaunganishwa kwa makusudi. ABRIS husikiliza setilaiti, na PVI hutegemea mfumo wa inesha, na kila kimoja kina orodha yake ya vituo. Hakuna anayemwuliza mwenzake.

Kwa nini mtu atengeneze mashine ya namna hiyo? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye historia, na historia hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Kutembea gizani

Kwanza tuelewane kuhusu mifumo yenyewe. Fikiria stima zimepotea usiku nawe uko jikoni, unataka kufika kitandani. Hutaki kuuliza mtu. Unahesabu: hatua nne mbele, geuka kulia, hatua sita, geuka kushoto. Hivyo ndivyo mfumo wa inesha unavyofanya kazi. Ndani yake mna jairoskopu zinazohisi kila mgeuko, na vipimo vinavyohisi kila mara mwendo unapoongezeka au kupungua. Kompyuta hujumlisha mabadiliko hayo ikapata kasi, kisha hujumlisha kasi ikapata mahali. Haihitaji kuona nje, haihitaji redio, na hakuna adui anayeweza kuiziba masikio kwa sababu haina masikio.

Tatizo ni kwamba kosa dogo la mwanzo halipotei, hujumlishwa pamoja na mengine yote. Ukikosea mwelekeo kwa digrii 1 tu, ukisafiri kilomita 60 utakuwa umepotoka kwa takriban kilomita 1. Kadiri unavyotembea gizani ndivyo unavyokaribia kugonga kabati.

Setilaiti ni kinyume chake. Setilaiti za GPS huzunguka juu yetu kwa umbali wa kama kilomita 20,200, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Kipokezi chako kikisikia angalau 4, hupima muda uliotumika kwa kila tangazo kufika na kukokotoa ulipo. Hapa kosa halikui kwa sababu ya safari kuwa ndefu. Saa ya kwanza na saa ya kumi ni sawa tu. Lakini mawimbi hayo yanapofika ardhini ni dhaifu mno. Mlima ukikuzuia, au mtu akiwasha mtambo wa kelele karibu nawe, umekuwa kiziwi papo hapo.

Kwa hiyo mmoja hukosea polepole na hawezi kuzibwa. Mwingine hakosei polepole, lakini anaweza kuzibwa au kudanganywa ghafla. Kumbukeni tofauti hiyo.

Chombo kizito kuliko helikopta kilivyoweza kubeba

Mfaransa Léon Foucault aliita kifaa chake jairoskopu mwaka 1852, alipokitumia kuonyesha kwamba dunia inajizungusha. Mwaka 1944 Wajerumani walikuwa tayari wanaelekeza makombora ya V-2 kwa jairoskopu. Baada ya vita, Charles Stark Draper na maabara yake pale MIT, Marekani, walitaka kuthibitisha kwamba ndege inaweza kuvuka bara zima bila kutazama nje. Februari 1953 ndege ya B-29 iliruka kutoka Massachusetts hadi Los Angeles ikiongozwa na mtambo wao ulioitwa SPIRE, safari ya takriban saa 12. Mtambo huo ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 1.

Tarehe 3 Agosti 1958 nyambizi USS Nautilus ilipita chini ya barafu kwenye Ncha ya Kaskazini. Kule dira ya sumaku haiaminiki, anga haionekani, na redio haipenyi maji. Ilisaidiwa na mfumo wa inesha ambao awali ulitengenezwa kwa ajili ya kombora. Kama mna shaka kwamba kuhesabu hatua gizani kunafanya kazi, hiyo ndiyo hoja yenu.

Lakini nyambizi ni kubwa na pesa za makombora zilikuwa nyingi. Helikopta ni ndogo, inatikisika kama matatu kwenye barabara ya mashimo, na huruka chini chini kati ya miti. Kwa miaka mingi helikopta nyingi za kivita zilipewa njia ya tatu iliyo rahisi zaidi: rada ya Doppler. Inaelekezwa ardhini, inapima jinsi mwangwi unavyobadilika, inapata kasi ya helikopta juu ya ardhi. Ukichanganya kasi hiyo na mwelekeo kutoka kwa jairoskopu, unapata mahali. Mi-24 ya Kisovieti ilitumia njia hiyo, na Apache za kwanza za Marekani pia. Nayo ni kuhesabu hatua vilevile, na kosa lake hukua vilevile.

Vijiti vya kung'aa jangwani

Sasa njooni na mimi usiku wa tarehe 17 Januari 1991, mpaka wa Saudi Arabia na Iraq. Vita vya Ghuba vinakaribia kuanza. Kuna vituo viwili vya rada magharibi mwa Iraq ambavyo lazima vinyamazishwe kabla ndege nyingine hazijapita. Kazi ilipewa kikosi kilichoitwa Task Force Normandy.

Apache zilikuwa na makombora ya kutosha kuvimaliza vituo hivyo, lakini urambazaji wake ulikuwa wa Doppler tu, na jangwa usiku halina alama. Helikopta nyingine, MH-53J Pave Low za jeshi la anga, zilikuwa na GPS pamoja na inesha, lakini hazikuwa na silaha za kazi ile. Suluhisho? Wakaziunganisha. Pave Low zikaongoza, Apache zikafuata nyuma, taa zimezimwa.

Walipokaribia, wafanyakazi wa Pave Low waliangusha chini vijiti vya kemikali vinavyong'aa, mahali ambapo GPS yao iliwaambia ni hapa hasa. Apache zikapita juu ya vile vijiti, na marubani wakaiambia mifumo yao: futa unachofikiri, sasa hivi uko hapa. Kisha zikaendelea zenyewe, na saa 8:38 usiku zikaanza kufyatua. Vituo vyote viwili vikanyamaza.

Niliposoma habari hii niliweka kikombe chini. Ile paneli ya PVI kwenye Ka-50 ina njia hiyohiyo: unapita juu ya alama unayoijua, unabonyeza, na kosa lililorundikana linafutwa. Mimi nilikuwa nimekiona kitufe hicho mara nyingi nikadhani ni pambo.

Tena angalieni kwamba kikosi hicho hakikuacha Doppler eti kwa sababu GPS imekuja. Mwaka huo mtandao wa GPS haukuwa umekamilika. Setilaiti ya kwanza ya mfululizo huo ilirushwa Februari 1978, na mfumo ukatangazwa kuwa kamili mwaka 1995. Waliazima ukweli mara moja kutoka kwa shahidi mmoja, wakamkabidhi shahidi mwingine asonge mbele nao.

Cha ndugu yako

Kuna upande mwingine wa hadithi. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea, safari nambari 007, iliingia anga ya Kisovieti na kutunguliwa karibu na Sakhalin. Watu 269 walikufa. Ndege hiyo ilikuwa na mifumo mitatu ya inesha. Uchunguzi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga uliotolewa 1993 ulionyesha kwamba ndege ilikuwa ikifuata mwelekeo mmoja wa dira tu. Ile mifumo mitatu iliyojua njia haikuwa inaendesha usukani. Mashahidi walikuwepo, hakuna aliyewasikiliza.

Siku chache baadaye serikali ya Rais Reagan ilitangaza kwamba GPS ikikamilika itapatikana bure kwa raia. Hiyo ndiyo asili ya zawadi iliyomo ndani ya simu zetu. Lakini ni zawadi yenye mwenyewe. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiharibu kwa makusudi usahihi wa GPS ya raia, ndipo Rais Clinton akaamuru uharibifu huo uzimwe. Aliyeweza kuuzima ndiye aliyekuwa ameuwasha. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Wasovieti walijua methali hiyo kwa lugha yao. Ka-50 iliruka mara ya kwanza Juni 1982, na Oktoba mwaka huohuo wakarusha setilaiti ya kwanza ya GLONASS, mfumo wao wenyewe. Ulijaa setilaiti katikati ya miaka ya 1990, halafu pesa zikakosekana. Setilaiti zikafa moja baada ya nyingine, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki zinazofanya kazi chini ya 10. Mtandao kamili ulirudi mwaka 2011. Ka-50 ni helikopta ya rubani mmoja, hakuna mwenzake wa kushika ramani. Sasa mpe rubani huyo chanzo kimoja tu, na chanzo chenyewe kinakufa kwa kukosa bajeti. Ni rahisi kuelewa kwa nini inesha ilibaki na kiti chake.

Programu inayojua kupita kiasi

Turudi kwenye simuleta, maana hapa ndipo moyo wangu wa mwanaprogramu ulipofurahi.

Katika simuleta, ukweli upo. Kompyuta inajua helikopta yako iko wapi kwa usahihi usio na shaka, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyoiweka pale. Jambo rahisi kuliko yote ni kuchora alama kwenye ramani mahali hapo. Ndivyo michezo mingi ya zamani ilivyofanya, na kwa hiyo mchezaji hakupotea kamwe.

Kuiga inesha ni kuifundisha programu kutojua. Inabidi kumbukumbu ishike mahali pa aina tatu: mahali pa kweli, mahali inesha inapodhani, na mahali setilaiti zinaposema. Inesha huruhusiwa kuuona ukweli mara moja tu, helikopta ikiwa imesimama ardhini. Baada ya hapo hupewa mienendo pekee, kila mmoja ukiwa na kosa dogo ndani yake, na hujumlisha kivyake. Setilaiti hupewa ukweli kila mara, lakini umetiwa kelele kidogo, na huweza kunyimwa kabisa. Mwandishi mvivu angechukua ukweli, akaongeza namba ya bahati nasibu mara mbili, akaita hizo mifumo miwili. Rubani asingegundua kwa dakika kumi za kwanza. Angegundua siku ambayo setilaiti zimezimwa, inesha nayo ikazimika pamoja nazo, kwa sababu haikuwa kitu tofauti tangu mwanzo.

Ndiyo maana ile tofauti ya mita mia kadhaa haikuwa mdudu. Ilikuwa ushahidi kwamba mtu aliifanya kazi yake kwa uaminifu.

Ndoa yenye masharti

Mtu atauliza: si mifumo hiyo ilishaunganishwa siku hizi? Ndiyo. Mwaka 1960 Rudolf Kalman alichapisha hesabu ya kuchanganya vipimo visivyokamilika kwa kumpa kila mmoja uzito kulingana na anavyoaminika. NASA waliitumia kwenye Apollo. Katika miaka ya 1990 jeshi la Marekani lilianza kuweka GPS na inesha ndani ya sanduku moja liitwalo EGI. Apache ya AH-64D hubeba mawili, na simuleta yake iliyotoka 2022 inayaiga. GPS husahihisha inesha, inesha huziba pengo GPS inapokatika. Ndoa nzuri.

Lakini sanduku hilo lina busara moja ambayo wengi hawaijui. Ndani yake huhifadhi majibu matatu: la inesha peke yake, la GPS peke yake, na la mchanganyiko. Waliolitengeneza walijua kwamba mashahidi wakishakaa chumba kimoja na kupatana, ushahidi wao unakuwa mmoja. Ili ujue kama mmoja amedanganywa, lazima mahali fulani uwe umehifadhi maneno ya mwingine kabla hayajaguswa.

Si hofu ya bure. Mwaka 2023 marubani waliokuwa wakipita karibu na Iraq na Iran waliripoti mawimbi ya uongo ya GPS yaliyowaonyesha mahali wasipokuwa, na katika baadhi ya ndege hata mfumo wa inesha ukavurugika, kwa sababu ulikuwa unapokea masahihisho kutoka kwa GPS iliyodanganywa. Aprili 2024 ndege mbili za Finnair ziligeuka na kurudi Helsinki badala ya kutua Tartu, Estonia, kwa sababu ya usumbufu wa GPS. Shirika likasitisha safari hizo kwa takriban mwezi mmoja, mpaka uwanja ulipopata njia ya kutua isiyotegemea GPS. Ndege zilikuwa nzima, rubani mzima, uwanja mzima. Kilichokosekana ni shahidi wa pili.

Mzee na mita yake

Nimalize na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliandika programu ya kufuatilia malori kati ya Mombasa na Nairobi, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Niliweka ukaguzi wa aina mbili nikajisifu: mahali lori lilipo, na umbali lililosafiri. Vikipatana, habari ni ya kweli.

Siku moja programu ikasema lori fulani limechepuka mbali na barabara kuu na kusafiri kilomita nyingi za ziada. Ukaguzi wote ukakubali. Dereva, mtu mzima wa umri wa baba yangu, akaambiwa atakatwa mshahara kwa kuuza mafuta. Alikuja ofisini hana hasira. Aliniambia, "Kijana wangu, gari lina mita yake pale mbele. Haijui habari za setilaiti. Nenda ukaisome." Tukaenda. Mita ilisema kilomita za kawaida, na mafuta kwenye tangi yalilingana.

Umbali wangu wa pili, ndugu wasomaji, niliupata kwa kujumlisha nukta zilezile za GPS. Kifaa kilipoharibika, mahali na umbali vilidanganya kwa sauti moja. Sikuwa na mashahidi wawili. Nilikuwa na shahidi mmoja na mwangwi wake. Nilimwomba mzee msamaha, mshahara wake haukuguswa, na wiki hiyo nikaandika upya ukaguzi ili usome namba ya mita ya gari.

Kwa hiyo siku hizi nikikuta vifaa viwili vinabishana, kwanza nashukuru. Vikibishana, angalau najua kuna la kuuliza, nami natafuta alama ninayoijua ardhini ili nipite juu yake. Kinachonitia wasiwasi ni vile vinavyokubaliana daima, nami sijui kama viliwahi kuwa viwili.

Kwa leo naishia hapo. Nina helikopta imenisubiri juu ya Caucasus, na usiku huu nitaizima ABRIS nione kama nitafika. Tukutane tena, Mungu akipenda.